Namba Chini ya Kutu

Nilikuwa na miaka arobaini na moja, mwalimu wa darasa la nne, nilipolazimishwa kusoma kwa sauti mbele ya watu. Aliyenilazimisha alikuwa fundi wa magari. Alisimama kando ya pikapu ya marehemu baba yangu, mikono nyuma, na kila nilipokimbiza tarakimu ananirudisha mwanzo. "Pole pole, mwalimu. Hiyo ni nane ama ni tatu?" Mimi! Mimi ambaye watoto wa Noonkopir wakinisikia nikikohoa tu wanaketi vizuri.

Siku hiyo nitaifikia. Kwanza nimweleze mwenyewe, kwa maana mtu huyu alinikasirisha zaidi ya yeyote niliyewahi kumheshimu.

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina. Noonkopir, mtaa wetu wa Kitengela, ina mafundi kila baada ya hatua tatu, lakini ukisema "Fundi" peke yake, bila kuongeza kitu, watu walijua ni nani. Alikuwa mzee mwembamba, kofia ya sufu kichwani hata jua likiwaka, na ovaroli iliyokuwa ya bluu zamani sana. Alikuja kutoka Murang'a akiwa kijana na akabaki. Kimaasai alikijua kuliko watoto wetu wa siku hizi. Mwanamke akiingia gereji alimwamkia kwanza, "Takwenya," na hakugusa spana mpaka aitikiwe, "Iko." Wanawake wa mjini wasiojua jibu walisimama pale wakishangaa, naye anangoja tu.

Kuendesha gari hakujua. Wallahi. Miaka yote hiyo ya kufungua injini, na hakuwahi kuendesha hata mita mia. Gari likitengenezwa, mwenyewe ndiye anayelijaribu, yeye anakaa kando akisikiliza kama mtu anayesikiliza mahubiri. Nyumbani alirudi kwa miguu. Nilimuuliza siku moja kwa nini hajifunzi. "Nikijua kuendesha nitaanza kuamini dashbodi," akaniambia, na akarudi chini ya gari.

Maneno yake yalikuwa machache na aliyarudia mpaka ukayachoka. "Gari ni shati." Hilo ndilo alilipenda zaidi. Maana yake ni kwamba umbo la nje halikuambii chochote kuhusu kilicho ndani. Magari mengi ya zamani huku kwetu yameshabadilishwa injini mara moja au mbili. Injini ya kwanza inakufa, mwenye gari anatafuta nyingine iliyotumika, inafungwa, maisha yanaendelea, na hakuna anayekumbuka kwenda kuandikisha. Logbuku, ile hati ya usajili wa gari, inabaki na namba ya injini iliyokufa. Kisha siku ya kununua spea inafika, mtu anasoma logbuku, au anasema tu "ni pikapu ya mwaka fulani," na analetewa kitu kisichomhusu.

Kwa hivyo Fundi alikuwa na sheria. Kabla ya kuagiza pampu ya maji, rejeta, hata paipu ya rejeta, namba ya injini lazima isomwe kwenye injini yenyewe, pale ilipogongwa kwenye chuma. Na si yeye wa kuisoma, ni mwenye gari. Anakupa mafuta ya taa kwenye kopo, anakupa mswaki mzee, unasugua mpaka chuma kionekane. Unasoma kwa sauti. Halafu anaweka karatasi juu ya namba, anapitisha penseli kwa ubavu, na tarakimu zinatokea nyeupe kwenye weusi. Karatasi hiyo anaibandika kwenye daftari la shule la kurasa mia mbili, unatia sahihi, ndipo kazi inaanza. Watu walilalamika. Pasta mmoja alimwambia haya ni mambo ya polisi. Fundi akamwambia polisi pia wanasoma dashbodi.

Wafugaji ndio waliomwelewa haraka. Nilikuwepo siku mzee mmoja wa ranchi alipokuja na hasira, anataka rejeta leo leo. Fundi akamuuliza, "Mzee, wewe ukipoteza ng'ombe, unamtafuta kwa rangi?" Ng'ombe wekundu wako elfu. Ng'ombe hutambuliwa kwa alama ya sikio, mkato wa ukoo, na chapa aliyochomwa ubavuni. Mzee akavua shuka, akaitundika kwenye mlango wa gari, akachukua mswaki.

Waliokataa mswaki walikuwa na mahali pao. Upande mmoja wa gereji ulikuwa ukuta wa mabati, na juu yake Fundi alitundika kwa waya kila spea iliyonunuliwa kwa haraka ikakataa kuingia. Pampu, feni, themostati, rejeta nzima mbili. Hakuandika majina. Hakuhitaji, kwa sababu kila mtu aliijua yake, na ukiingia na mgeni uliona haya kutazama upande ule.

Sasa mimi.

Baba alikufa akaniachia ile pikapu. Mwaka mmoja baadaye figo za mama zikakataa kazi. Sisi kwetu mama tunamwita Yeyo, na hivyo ndivyo nitakavyomwita. Kila Jumanne na kila Ijumaa ilibidi Yeyo afike Kajiado kusafishwa damu kwa mashine. Akichelewa miguu inavimba na pumzi inakuwa fupi. Akikosa siku mbili mfululizo, daktari alituambia, tusije kumuuliza maswali. Matatu tulijaribu, akatapika njia nzima na mara moja akazimia mlangoni. Pikapu ikawa ndiyo miguu yake. Kiti cha mbele, mto mgongoni, dirisha wazi kidogo, na mimi macho kwenye barabara ya Namanga.

Ijumaa moja tukirudi, geji ya joto ikapanda kupita katikati. Nikaendesha polepole, tukafika. Jumamosi asubuhi nilikuwa gereji.

Fundi alifungua boneti, akashika paipu moja, akashika nyingine, akainama akasikiliza. "Pampu ya maji imechoka. Na themostati imekwama. Tubadilishe zote mbili."

Nikatoa logbuku kwenye mkoba. Hakuipokea.

"Hiyo ni karatasi, mwalimu."

"Ni karatasi ya serikali."

"Serikali haijawahi kufungua hii boneti." Akanionyesha pembeni ya injini, chini kabisa, mahali pamejaa kutu na mafuta yaliyoganda. "Namba iko hapo. Tutoe oltaneta kwanza ndio mswaki upate nafasi. Jumatatu utasugua, utasoma, niagize."

"Jumatatu? Fundi, Jumanne nampeleka Yeyo. Agiza sasa!"

"Sitaagiza na logbuku."

"Basi sugua wewe! Si ndio kazi yako?"

"Injini ni yako," akasema. Kisha akafungua mdomo kama mwenye la kuongeza, akaufunga. Akatazama ile pikapu muda mrefu, kuliko ilivyohitajika. Niliona. Nakiri niliona, lakini hasira zilikuwa zimeshanipanda nikadhani ni ukaidi wa uzee. Nilibamiza boneti, nikaondoka.

Nilimpigia simu muuza spea Nairobi, nikamsomea logbuku neno kwa neno. Pampu ilifika Jumapili na gari la mizigo. Jumatatu fundi mwingine, wa barabara ya juu, akaifunga. "Boliti zote zimeingia, madam. Hiyo imeshika." Nikamuuliza mbona puli yake, gurudumu linalobeba mkanda, imekaa ndani kidogo kuliko ya zamani. "Itajipanga," akasema. Nikaridhika, kwa sababu nilitaka kuridhika. Nikirudi nyumbani nilipita mbele ya gereji ya Fundi nikapiga honi mara mbili. Aibu ya ile honi ninayo mpaka leo.

Jumanne, tulipopita Isinya, nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Kisha mlio mmoja mkali mbele, na geji ikaenda juu yote. Nilisimama kando ya barabara, nikafungua boneti, mvuke ukanipiga usoni. Mkanda ulikuwa vipande. Ulikuwa unatembea upande tangu Kitengela, kwa sababu puli ya pampu haikuwa mstari mmoja na nyingine.

Yeyo alikuwa amefungua kifungo cha juu cha gauni na anavuta pumzi kwa mdomo. Nilihesabu pumzi zake. Niliogopa, jamani. Sisemi nilipata wasiwasi, niliogopa mpaka mikono ikakosa kazi, nikawa nafunga na kufungua mlango wa gari bila sababu. Magari yalipita. Nilipunga leso, nikapunga kitabu cha watoto, nikapunga mikono mitupu. Saa nzima. Aliyesimama mwishowe alikuwa dereva wa lori la mbuzi, anaenda soko la Kajiado, na wanaume wawili waliokaa naye mbele wakashuka, wakapanda nyuma na mbuzi ili Yeyo akae mbele.

Tulikuta kitanda chake amepewa mtu mwingine. Muuguzi akasema tungoje. Tulingoja kwenye benchi kutoka asubuhi mpaka saa tisa, kichwa cha Yeyo begani mwangu, na midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Saa tisa na nusu akawekwa kwenye mashine. Muuguzi alinishika mkono akaniambia, "Mama, ingefika jioni sijui." Hakumaliza, na sikutaka amalize.

Jumatano pikapu ikavutwa hadi Noonkopir. Nilijiandaa kutukanwa. Fundi aliuliza kitu kimoja tu: "Yeyo amefika?" Nikasema amefika. Akatikisa kichwa, akafungua ile pampu mpya, akaitundika kwa waya kwenye ukuta wa mabati. Akanipa kopo na mswaki.

Nilisugua robo saa. Nikalia kidogo humo ndani ya boneti, ambako hakuna aliyeniona. Namba ikatokea, na hapo ndipo nilipolazimishwa kusoma kwa sauti kama mtoto, tarakimu moja moja, mteja mwingine akiwa amekaa kwenye jeki anatabasamu. Nilipomaliza nikafungua logbuku.

Herufi za mwanzo hazikufanana. Namba haikufanana. Ilikuwa injini nyingine kabisa.

"Fundi, baba hakuwahi kubadilisha injini. Angetuambia."

Fundi aliingia kibandani akatoka na daftari, si lile jipya, lingine la zamani lililoliwa na mende pembeni. Alifunua kurasa mpaka akafika. Karatasi iliyopigwa penseli. Namba ile ile niliyotoka kuisoma. Na chini yake tarehe ya miaka kumi na minne nyuma na sahihi ya baba, ile S yake ndefu ninayoijua kutoka kwenye ripoti zangu za shule.

Nilisikia masikio yakipata moto. "Ulijua."

"Nilijua."

"Jumamosi ulikuwa unajua namba. Ungeniambia tu! Mama yangu angekufa barabarani, Fundi, na wewe unajua!"

"Nilimwahidi baba yako sitasema," akasema. "Sikumwahidi sitaonyesha. Nikakuambia usugue."

Hebu fikiria jibu kama hilo. Mtu mzima, mwenye mvi, mtu ambaye angekutoa gereji kwa kudanganya ukubwa wa spana, amekaa na uongo wa mwenzake miaka kumi na minne na anajisifu hakuusema kwa mdomo. Nilimwambia yote hayo, na mengine ambayo mwalimu hatakiwi kusema. Yule mteja wa kwenye jeki aliondoka.

Fundi alingoja nichoke. "Ni kweli," akasema. "Ningesema. Nilipoona umebamiza boneti ningekufuata. Nilikaa hapa nikajiambia ahadi ni ahadi. Kumbe nilikuwa naogopa tu." Akaketi kwenye ile jeki, na ndiyo mara ya kwanza nikaona ni mzee kweli.

Kisha akaniambia lililobaki. Baba alikuwa anatoka soko la mifugo Kajiado, geji ikapanda, naye hakutaka kusimama kando ya barabara watu wa soko wakipita wakimwona. Akaendesha hivyo hivyo mpaka injini ikajifunga. Hakuwa na namna ya kupata nyingine. Yeyo alikuwa na ng'ombe wake, Nado, tulimwita hivyo kwa wekundu wake, uzao wa ng'ombe aliyepewa siku alipoingia bomani kama bibi arusi. Hakuwa ng'ombe wa baba. Baba alimuuza, akanunua injini, akaja nyumbani akatuambia Nado ameibiwa malishoni.

Nilimkumbuka Nado. Nilikunywa maziwa yake. Na ninamkumbuka Yeyo alivyokaa mlangoni siku ile, kibuyu cha kukamulia mapajani.

Spea za kweli zilifika kesho yake, kwa ile namba, na zikaingia bila kulazimishwa. Ijumaa tulienda Kajiado na geji haikusogea. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nachemka sasa. Kila Jumanne na Ijumaa, miaka miwili, nilikaa kando ya Yeyo nikijua kinachotuvuta ni nini, na sikumwambia. Nilijiambia ni mgonjwa, moyo wake hauwezi. Anamwombea baba kila asubuhi, nitamnyang'anyaje? Fundi sikumlaumu tena sana baada ya hapo. Nilikuwa nimeingia kwenye ahadi ile ile na hakuna aliyeniapisha.

Plot ya gereji iliuzwa, wakajenga gorofa. Fundi akahamia kwa binti yake Kajiado. Ukuta wa mabati sijui ulienda wapi, na pampu yangu nayo.

Mwaka jana, Ijumaa, tumetoka hospitali, Yeyo kachoka lakini ni mzima. Nilikuwa napita pole pole karibu na soko la mifugo kwa sababu ng'ombe walikuwa barabarani, nikaiona kofia ya sufu. Amekaa nje ya duka la binti yake, miwani usoni. Nilitaka kupunga mkono nipite. Yeye akasimama. Hakuniangalia mimi, alisikiliza injini kwanza, kisha akaja moja kwa moja kwenye dirisha la Yeyo.

"Takwenya, mama."

"Iko."

Alishika mlango hakuuachilia. "Mama, niko na neno lako. Nimekaa nalo miaka mingi."

Nikaingilia. "Fundi, wacha. Tafadhali. Ametoka kwenye mashine saa hii."

Yeyo aliinua kidole kimoja, kama anavyofanya tangu nikiwa mdogo, na nikanyamaza. Fundi akavua kofia. Alisema yote kwa Kimaasai, bila kupunguza: injini, baba, Nado, ahadi. Hakujitetea. Mimi nilikuwa natazama kifua cha Yeyo, kinapanda, kinashuka, nikihesabu kama siku ile ya Isinya. Ng'ombe walipita pande zote mbili za gari, na mchungaji wao akatupigia mluzi tusogee, hatukusogea.

Yeyo akasema, "Ng'ombe akiibiwa, mwanaume huchukua fimbo akafuata nyayo. Hata kama ni siku tatu. Mume wangu alikaa akanywa chai."

Fundi akainua macho.

"Nilijua siku hiyo hiyo," Yeyo akasema. "Nilichokuwa sijui ni mahali Nado alikoenda." Akaweka kiganja juu ya dashbodi, akakiacha hapo, akisikia mtetemo. "Ni huyu?"

"Ni huyo, mama."

"Ndiye ananileta hapa?"

"Ndiye."

Nilikuwa nalia wazi wazi, usukani umelowa. Yeyo hakulia. Aliuliza, "Anakunywa maji vizuri?" Fundi akasema anakunywa vizuri sana, alihakikisha yeye mwenyewe. "Na alama yake? Nataka kuona alama yake."

Nikazima gari, nikafungua boneti. Fundi aliomba karatasi kwa binti yake, penseli alikuwa nayo mfukoni, bado. Aliinama na ile miwani yake, akapenyeza mkono pale chini, na nikasikia penseli ikisugua. Alirudi na karatasi akampa Yeyo kwa mikono miwili.

Yeyo hajasoma. Aliishika karibu na macho, akapitisha kidole juu ya zile nyeupe, mbele na nyuma. Kisha akanigeukia.

"Wewe si mwalimu? Nisomee."

Nikapangusa uso nikasoma. Nilikimbia kidogo, sauti ikakwama, na Fundi, akiwa ameshika mlango, akasema polepole, "Mwanzo tena, mwalimu." Nikarudi mwanzo, nikamsomea mama yangu tarakimu moja moja mpaka mwisho, naye akaikunja karatasi akaitia kwenye mfuko wa shanga, pamoja na kadi ya hospitali.